KASORO KWENYE SARAFU ZA MJERUMANI: DILI LA KWELI AU NDOTO ZA MCHANA?

Chukua mfano wa kijana mmoja wa Tabora. Babu yake amefariki, msiba umeisha, sanduku limefunguliwa. Chini kabisa kuna kitambaa kimefungwa fundo, na ndani ya fundo kuna sarafu tatu.

Ya kwanza ni ya shaba ya njano, ina taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Ukiigeuza unakuta 20 HELLER, na chini yake herufi T. Sarafu yenyewe imekaa vibaya. Picha haiko katikati, ukingo si duara kamili, na kuna mstari kama ufa unaokatiza juu ya taji. Ya pili ni ndogo, ina tundu katikati, 10 HELLER ya mwaka 1909, na tundu lenyewe limeenda pembeni kidogo. Ya tatu ni ya fedha, rupia ya 1892 yenye kichwa cha mfalme wa Ujerumani, lakini imetobolewa juu ya kofia yake. Hiyo bibi alikuwa anaivaa shingoni.

Kijana anaingia mtandaoni. Anasoma kwamba sarafu zenye kasoro huko Marekani zinauzwa mamilioni. Basi usingizi unaishia hapo. Ada ya mdogo wake, bati za nyumba ya mama, pikipiki ya kwake mwenyewe, vyote vinaingia kwenye hesabu kabla hata hajajua ameshika nini.

Asubuhi anafanya kile ambacho watu wengi hufanya. Anachukua ile ya 1916, anaipaka majivu na ndimu, anaisugua mpaka inang'aa kama kijiko kipya. Halafu ndo anaanza kutafuta mnunuzi.

Hapo ameshapata hasara, na hajui. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, kwenye karakana ya reli ya hapo hapo Tabora.

HELA, PESA NA RUPIA

Kila siku watu wanasema "sina hela" bila kujua wanataja jina la sarafu ya Mjerumani. Neno hela limetokana na heller, senti ndogo ya zamani ya Ujerumani. Pesa na rupia zilikuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, kutoka kwa wafanyabiashara wa India, na Wajerumani walipofika waliyakuta majina hayo yanatumika pwani.

Kuanzia 1890 kampuni ya Kijerumani iliyokuwa inatawala eneo hili ilitoa sarafu zake. Kulikuwa na pesa ya shaba nyekundu, ambayo upande mmoja ilikuwa na maandishi kwa herufi za Kiarabu, maana watu wa pwani ndizo walizozizoea kusoma. Kulikuwa pia na rupia ya fedha yenye sura ya mfalme Wilhelm II, kofia ya kijeshi kichwani na tai juu ya kofia. Rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Ujerumani ikaleta mpango mpya, rupia moja ikawa heller 100. Hapo ndipo hela ilipoingia mifukoni na midomoni mwa watu mpaka leo.

Sarafu hizo zote zilitengenezwa Ujerumani kwenyewe. Zile za kuanzia 1904 nyingi zina herufi ndogo inayoonyesha zilikotoka. A ni Berlin, J ni Hamburg. Huko kulikuwa na mashine kubwa, mafundi waliosomea, na wakaguzi. Sarafu mbovu ilitolewa na kuyeyushwa kabla haijafika melini. Hili ni la kuweka kichwani, maana mbele litaamua bei.

TABORA, 1916

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza 1914, meli za kivita za Uingereza ziliifunga pwani. Hakuna mzigo ulioingia kirahisi kutoka Ujerumani, na pesa pia ni mzigo. Sarafu zikaanza kupotea. Watu walizificha, kama watu wanavyofanya kila vita inapokuja. Benki ya Kijerumani ikachapisha noti hapa hapa nchini kwa karatasi iliyopatikana, lakini wengi hawakuziamini. Karatasi inaungua, inalowa, inaliwa na mchwa, na anayeahidi kuilipa anaweza kukimbia. Askari, wapagazi na wenye vyakula sokoni walitaka kitu kinacholia kikigongwa mezani.

Basi ikaamuliwa sarafu zitengenezwe Tabora. Reli ya Kati ilikuwa imefika pale mwaka 1912 na kuendelea mpaka Kigoma 1914, kwa hiyo kulikuwa na karakana ya reli yenye vyuma, moto na mafundi. Kiwanda cha pesa hakikuwepo. Kilichofanyika ni sawa na leo kuambiwa gereji itengeneze simu.

Shaba ya njano ilitoka kwenye maganda ya risasi na mizinga na vyuma chakavu vya kila aina. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Kazi ya kuchonga mihuri ya sarafu ya dhahabu ilifanywa na sonara mmoja wa Kisinhala, mtu wa Ceylon, nchi ambayo sasa inaitwa Sri Lanka. Fikiria hapo. Himaya ya Ujerumani imezungukwa, na pesa yake inategemea mkono wa sonara kutoka Ceylon na vibarua wa Kiafrika waliokata, waliosukuma na waliobonyeza. Majina ya vibarua hao hayako kwenye sarafu, lakini kazi ya mikono yao iko.

Zilitoka sarafu za heller 5, heller 20 za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyohesabiwa sawa na mark 20 za Ujerumani. Hiyo ya dhahabu ina tembo amenyanyua mkonga mbele ya mlima. Zote zina mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora.

Kazi haikudumu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora. Historia yote ya kiwanda kile ni ya miezi michache tu.

KASORO YA KILA MTU SI KASORO

Sasa rudi kwenye sarafu ya kwanza ya kijana.

Sarafu inatengenezwa hivi. Kunakuwa na vyuma viwili vigumu, kila kimoja kimechongwa picha kinyume. Hivyo ndivyo mihuri. Kipande cha shaba cha duara kinawekwa katikati, mihuri inabonyezwa kwa nguvu, picha inatoka pande zote mbili. Kipande kikikaa vibaya, picha inaenda pembeni. Mashine ikiwa dhaifu, picha inatoka hafifu. Muhuri ukipasuka, ule ufa unatokea kwenye kila sarafu inayofuata.

Hamburg mambo hayo yalikuwa ajali. Tabora yalikuwa maisha ya kila siku. Vipande vya shaba vilikatwa kwa vifaa vya karakana, unene haukulingana, uzito haukulingana. Mihuri ilichongwa kwa mkono, ikachoka, ikapasuka, ikatengenezwa mingine. Ndiyo maana ukipanga heller 20 kumi za Tabora mezani, hutapata mbili zilizofanana sawasawa. Nyingine ina taji kubwa, nyingine taji dogo. Angalia neno HELLER, kuna zenye herufi L zilizochongoka nchani, na kuna zenye ncha zilizojikunja.

Kwa hiyo mtu akisema "yangu imetoka mbovu", mkusanyaji wa sarafu anajibu moyoni, "na ya nani ilitoka nzima?" Katika sarafu za Tabora, picha kukaa pembeni kidogo ni sura ya familia. Hakuna anayelipa zaidi kwa sababu mtoto amefanana na ndugu zake. Hapo kinachoweza kuongeza bei ni kinyume chake, yaani ile iliyotoka safi, picha imekaa vizuri, maandishi yote yanasomeka. Iliyo nzuri ndiyo adimu.

Kumbe basi swali la kwanza si "ina kasoro?" Swali ni "ndugu zake wakoje?"

Kasoro kama hiyo hiyo ya picha kwenda pembeni, ikitokea kwa kiasi kikubwa kwenye sarafu ya Hamburg, ni habari nyingine. Huko ilitakiwa ikamatwe na kuyeyushwa. Kama ilipenya, basi imepenya peke yake au na wachache. Hapo watu wanageuza shingo.

ALAMA YA KUZALIWA NA JERAHA

Swali la pili ndilo linalowaponza wengi. Kasoro ilitokea lini?

Kuna kasoro ambayo sarafu imezaliwa nayo kiwandani, na kuna jeraha ililopata baadaye kwenye maisha. Kwa macho ya haraka zinafanana. Kwa mnunuzi anayejua, ya kwanza inaweza kuongeza bei, ya pili karibu siku zote inashusha.

Chukua ule mstari juu ya taji. Ukiupapasa kwa kucha, umeinuka au umezama? Muhuri ukipasuka, shaba inaingia ndani ya ule ufa wakati wa kubonyezwa, kwa hiyo kwenye sarafu mstari unatoka umeinuka kama mshipa mkononi. Lakini sarafu ikikwaruzwa na kisu au jiwe, mstari unazama, kwa sababu chuma kimeondolewa. Ulioinuka ni wa kuzaliwa, uliozama ni jeraha. Jambo dogo hivyo, ila limeokoa hela za watu wengi na kuzima ndoto za wengine.

Sasa angalia tundu. Ile heller 10 ya 1909 ina tundu katikati kwa sababu Hamburg waliitengeneza hivyo makusudi. Kila ndugu yake analo. Tundu hilo haliongezi wala kupunguza chochote. Likiwa limeenda pembeni kidogo, bado ni jambo la kawaida. Lakini ikatokea moja imetoka kiwandani bila tundu kabisa, hiyo ndiyo ya kushangaza, maana imekosa kitu ambacho wenzake wote wanacho.

Rupia ya bibi ni kinyume. Kiwanda hakikutoboa. Aliyetoboa ni fundi wa mtaani, ili ipite uzi. Wanawake wengi wa pwani na bara walivaa sarafu za fedha shingoni, ilikuwa pambo na akiba kwa wakati mmoja. Kwa mkusanyaji, tundu hilo limeua sehemu kubwa ya bei. Kinachobaki ni thamani ya fedha yenyewe. Rupia ile ina uzito wa gramu 11.66 na karibu gramu 10.7 ni fedha safi. Zidisha kwa bei ya fedha ya siku hiyo, hapo ndipo mnunuzi wa kawaida anapoanzia.

Tundu kwenye sarafu tatu, majibu matatu. Anayekwambia "sarafu yenye tundu ni mali" bila kuuliza nani alitoboa na wapi, huyo hajui au anajua sana.

KASORO ZILIZOLIPA KWELI

Si kwamba habari za Marekani ni uongo. Zipo kasoro zilizolipa, na ukiziangalia vizuri zinafundisha.

Mwaka 1955, kwenye kiwanda cha sarafu cha Philadelphia, muhuri mmoja wa senti 1 ulitengenezwa vibaya wakati wa kuandaliwa. Picha ilibonyezwa mara mbili bila kukaa pale pale, kwa hiyo mwaka na maandishi yakatoka mawili mawili, kama mtu anayeona mapacha kwa ulevi. Makosa yaligundulika wakati sarafu zimeshachanganyika na nyingi nyingine nzuri. Wakaamua kuziachia. Zaidi ya 20,000 zikaingia mtaani, na baadhi ya watu walizipata kama chenji ndani ya pakiti za sigara. Leo senti hiyo moja inauzwa kwa zaidi ya dola elfu moja.

Kwa nini? Kasoro ni ya kuzaliwa. Inaonekana kwa macho bila miwani. Haiwezi kuigizwa kwa nyundo nyumbani. Ni chache ukilinganisha na mamilioni ya ndugu zake. Na la mwisho, ambalo watu husahau, senti hizo zinakusanywa na Wamarekani wengi mno, kwa hiyo wanaoitaka ni wengi kuliko zilizopo.

Sasa linganisha na Uingereza. Mwaka 2008 walibadilisha picha za sarafu zao na kuhamisha mwaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwenye senti 20 yao, mihuri ikachanganywa, muhuri wa zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Ikatoka sarafu isiyo na mwaka kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea Uingereza kwa zaidi ya miaka 300. Watu wakachanganyikiwa, wakaanza kukagua mifuko. Lakini kiwanda chenyewe kilikadiria zimetoka kati ya 50,000 na 200,000. Vumbi lilipotulia, bei yake ikabaki makumi ya pauni. Si haba kwa senti 20, ila si nyumba wala gari.

Kasoro zote mbili ni za kweli. Tofauti ni ngapi zipo na nani anazitaka.

TEMBO WAWILI

Tabora nayo ina mfano wake mzuri, kwenye ile sarafu ya dhahabu. Upande wenye tai una mapambo ya maua yaliyochongwa pembeni. Kwenye baadhi ya sarafu, pambo la kulia linaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Kwenye nyingine linaishia chini ya herufi A ya kwanza. Yaani ni mihuri miwili tofauti, na mkono wa mchongaji haukurudia sawasawa.

Kwa fundi wa 1916 pengine hilo halikuwa jambo la kuongelea. Leo limeandikwa kwenye vitabu vya sarafu duniani kote kama aina mbili. Zilizotengenezwa ni 9,803 za pambo la chini ya T, na 6,395 za chini ya A. Jumla 16,198.

Kwa hesabu ya mtaani, ile ya 6,395 ilitakiwa iwe ghali kwa mbali, si ndiyo? Hapana. Wanaoitafuta sarafu ya tembo wengi wanataka tembo mmoja tu, aliye katika hali nzuri, na hawajali sana pambo linaishia wapi. Aina zote mbili huuzwa kwa maelfu ya dola kwa sababu ni dhahabu, ni nzuri, na ina hadithi ya vita. Tofauti ya mchongo ni kiungo kwenye chakula, mchuzi wenyewe ni hali ya sarafu.

Na hapo kuna onyo. Kwa kuwa tembo wa Tabora anajulikana, ameigizwa sana. Tembo halisi ana uzito wa karibu gramu 7.17. Mizani ndogo ya sonara inaweza kumaliza ubishi ambao maneno matamu hayawezi kuumaliza.

NDIMU NA MAJIVU

Sasa turudi kwenye kosa la asubuhi ile.

Shaba ikikaa miaka mia inajivika rangi ya kahawia iliyotulia. Kwa asiyejua ni uchafu. Kwa mnunuzi ni ushahidi kwamba sarafu haijachezewa. Rangi hiyo haiwezi kurudishwa kwa wiki moja, inahitaji miaka. Majivu, mchanga, dawa ya meno na chuma cha kusugulia sufuria vinaacha mikwaruzo midogo mamia kwa mamia. Ndimu inakula uso wa shaba. Sarafu inang'aa, lakini ni mng'ao wa kitu kilichochunwa ngozi.

Kibaya zaidi, kusugua kunaharibu kile kile ambacho kijana alitaka kukiuza. Mstari ulioinuka unapungua. Ncha za herufi L zinakuwa butu, huwezi tena kusema ni aina gani. Alama ya kuzaliwa imefutwa, jeraha jipya limeandikwa juu yake.

Heller 20 ya Tabora ya kawaida, hata isiyoguswa, si utajiri. Nyingi huuzwa nje kwa dola chache mpaka makumi ya dola kulingana na hali yake. Ikisuguliwa, inashuka zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo bei ya ndimu moja.

WANAOISHI KWA NDOTO ZA WENGINE

Mjini kuna watu wanaojua habari ya rupia kuliko rupia yenyewe. Hao hawanunui sarafu, wananunua hamu ya mtu. Mchezo wao unajulikana. Dalali anasema ana tajiri kutoka nje anayetaka rupia ya Mjerumani yenye kasoro maalum, kwa mamilioni. Halafu inatakiwa hela ya "kupima", hela ya "kibali", hela ya nauli ya mtaalamu. Mwenye sarafu anauza mbuzi, anakopa kwa shemeji, anatuma. Tajiri hafiki. Wengine wanaambiwa kuna sanduku la Mjerumani limefukiwa, wanachimba usiku mpaka kwenye makaburi ya watu.

Kipimo cha haraka ni hiki. Mnunuzi wa kweli anaomba kwanza picha za pande zote mbili, uzito na kipenyo. Anatoa hela, haombi. Anayeomba hela kabla ya kuiona sarafu, huyo bidhaa yake ni wewe.

Jambo jingine ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Sarafu za Mjerumani ni za baadaye. Lakini sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo mvua huzifukua huko pwani, ni za karne nyingi nyuma, kwa hiyo zimo ndani ya ulinzi huo. Kuzipeleka nje bila kibali ni kosa, na hata kuziokota na kunyamaza si sawa. Nazo hazilingani sura, maana zilitengenezwa kwa mkono kabla Berlin haijawa na kiwanda kikubwa cha sarafu. Asije mtu akadhani hiyo ni kasoro ya kulipwa mamilioni.

HESABU YA MWISHO

Kwa hiyo kasoro inaongeza thamani? Inaongeza pale tu majibu ya maswali manne yanapokuwa mazuri kwa pamoja. Imezaliwa nayo, au ni jeraha la baadaye? Ni ya peke yake, au ndugu zake wote wanayo? Inaonekana na inathibitika, au mpaka mtu aelezwe kwa nusu saa? Na je, kuna watu wa kutosha wanaoitaka? Likikosekana jibu moja, sarafu inarudi kuwa sarafu ya zamani ya kawaida. Na uzee peke yake hautoshi. Reale ya Maria Theresa, iliyotumika sana pwani hii, imeandikwa 1780, lakini imeendelea kutengenezwa kwa mwaka huo huo kwa vizazi vingi. Namba iliyoandikwa juu ya chuma si cheti cha kuzaliwa.

Kijana wa Tabora, akiyapitia maswali hayo mmoja mmoja, anapata majibu haya. Heller 20 yake ilikuwa na ufa wa muhuri wa kweli, ulioinuka, lakini kwenye familia ambayo karibu kila mtu ana kovu, na sasa imesuguliwa. Heller 10 ni nzima, ya kawaida, tundu lake ni la Hamburg. Rupia ya fedha ina jeraha, na jeraha lenyewe ndilo linalosema bibi aliivaa.

Hakuna bati hapo, wala pikipiki. Ada labda ya mwezi mmoja, akiuza zote, akipata mnunuzi mwaminifu. Ni afadhali ajue leo kuliko kuuza mbuzi kwa ajili ya tajiri asiyekuwepo.

Lakini kabla hajauza, ajue pia ameshika nini. Heller 20 ile ilitoka kwenye ganda la risasi, ikabonyezwa na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao, katika mji wake mwenyewe, miezi michache kabla utawala uliowaamuru haujakimbia. Ukingo haukukaa sawa kwa sababu vita haikukaa sawa. Mnunuzi wa Ulaya anaweza asiongeze hata dola moja kwa hilo. Babu yake aliifunga fundo na kuihifadhi mpaka mwisho, na kwenye kile kitambaa bado kuna mbili ambazo hazijaguswa na ndimu.